Baruti chini ya greini 3: kijiko, ngoma ndogo, au tundu la kujitengenezea?

"Kaka, nitoboe tundu jingine au ninunue mashine nyingine?"

Swali hili aliniuliza kijana wa kwetu tunayekutana naye kwenye kiwanja cha shabaha hapa Minnesota. Amerithi bastola ndogo ya .25, ile ambayo risasi yake ilibuniwa na John Browning mwaka 1905. Anataka kuipakia risasi zake mwenyewe, yaani kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa kwa kiwashio, baruti na kichwa kipya, kama anavyopakia 9mm zake. Tatizo lake ni la hesabu tu. Anatumia Lee Auto-Disk, mashine ya kupimia baruti yenye zile sahani nne zenye matundu 24 kwa jumla, na tundu dogo kuliko yote lina ujazo wa sentimita za ujazo 0.30. Kwa baruti nyingi za bastola, ujazo huo unabeba karibu greini 3 (greini ndicho kipimo cha uzito wa baruti). Risasi ya .25 inataka chini ya greini 2. Kwa hiyo hata tundu lake dogo kabisa lingemwagia ganda lile karibu mara mbili ya kinachotakiwa.

Nilimjibu kwa simu kwa muda mrefu, na tangu siku ile wengine wawili wameniuliza jambo lilelile. Naliandika hapa mara moja, nikilinganisha njia moja na nyingine kwa jinsi ninavyozifahamu mezani kwangu.

Kwanza, hadhi yako. Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni ukipakia risasi kwa matumizi yako mwenyewe. Ukianza kuuza, hapo unahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi. Lakini wengi wetu tumekuja kwa viza, na hapa ndipo watu huteleza. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, kwa kawaida hakatazwi bunduki peke yake, hukatazwa na risasi pia, isipokuwa anaingia kwenye misamaha michache kama ile ya leseni ya uwindaji. Na neno "risasi" katika sheria hiyo linajumuisha ganda tupu, kiwashio, kichwa cha risasi na baruti yenyewe. Kopo moja la baruti ndani ya kabati lako linatosha kukuharibia safari nzima ya makaratasi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hayumo kwenye katazo hilo la viza. Na wanaosoma wakiwa Kenya au Tanzania wasidhani mambo haya yanahamishika. Huko silaha na risasi zinasimamiwa kwa leseni kali, na kutengeneza risasi chumbani si burudani bali ni kesi.

Kwa nini kidogo ni kigumu

Baruti hupimwa kwa greini. Ratili moja ina greini 7,000, na greini moja ni kama miligramu 65. Jina limetoka kwenye uzito wa punje ya shayiri, na ukiiona greini moja ya baruti kwenye kiganja utaelewa: ni vumbi la kupuliza.

Sasa fikiri kosa la sehemu moja ya kumi ya greini. Anayepakia risasi ya bunduki ya kuwindia kwa greini 45, kosa hilo kwake ni asilimia 0.2. Halimsumbui. Anayepakia kwa greini 1.5, kosa lilelile ni karibu asilimia 7. Mashine haijabadilika, mkono haujabadilika, lakini uzito wa kosa umeongezeka mara 30. Ndiyo maana kifaa kinachosifiwa na wawindaji kinaweza kuwa hakifai kabisa kwa bastola ya mfukoni.

Tena, wengine hudhani kidogo maana yake salama, kwamba ukikosea kwa kupunguza hakuna neno. Si kweli. Baruti ikipungua mno, kichwa cha risasi hukwama ndani ya mtutu, na mpigaji asipogundua akafyatua ya pili, mtutu unaweza kupasuka. Namba zote zitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, kiwango cha chini kikiheshimiwa sawasawa na cha juu. Hapa sitataja kipimo cha kupakia hata kimoja, greini ninazozitaja ni za mfano wa hesabu tu, na usichukue vya mtu yeyote wa kukutana naye.

Somo la kibaba

Mashine zote za kupima baruti kwa ujazo zinafanya kazi kama kibaba cha muuza mchele. Unajaza, unafuta juu, unamwaga. Kosa haliko ndani ya kibaba, liko pale juu kwenye ule mfuto. Kibaba kipana chenye kina kifupi kina uso mkubwa wa kufuta, na punje chache zikibaki au zikichotwa, kipimo kinayumba. Kibaba chembamba chenye kina kirefu kina uso mdogo, na kosa lake ni dogo.

Ukilishika hilo, umeelewa nusu ya makala haya.

Chukua mashine ya ngoma inayorekebishika, kama RCBS Uniflow. Ina ngoma yenye tundu, na skrubu inayosogeza kitako cha tundu juu au chini. Ukiwa na ngoma kubwa ya kupimia baruti ya bunduki, ukaikaza skrubu hadi upate greini 2, unachobaki nacho ni kisahani: kipana, kifupi, na uso wote ni wa kufuta. Itamwaga 1.7, kisha 2.2, kisha 1.9, na wewe utaanza kulaumu mkono wako. Kampuni zinajua hili, ndiyo maana RCBS hutengeneza ngoma ndogo ya mashine hiyohiyo, na Hornady nao wana ngoma ya bastola. Tundu lake ni jembamba. Hakuna siri nyingine.

Kwa hiyo mwenye mashine ya ngoma, jibu langu ni fupi: nunua ngoma ndogo kabla hujagusa drili. Ni bei ya kawaida, inaingia bila kubadilisha chochote, na ukitaka kurudi kwenye bunduki unarudisha ngoma kubwa. Kasoro yake ni ileile ya kila kitu chenye skrubu. Mtikisiko wa presi, ile mashine ya kubania risasi, huilegeza. Kaza nati ya kufungia, weka alama ya kalamu kwenye skrubu na kwenye mwili wa mashine zikitazamana, na uitupie jicho kila baada ya risasi kumi. Ukifika chini ya greini 2, hata ngoma ndogo inaanza kuwa karibu na mwisho wa uwezo wake, na hapo mimi huhamia kwenye tundu lisilorekebishika.

Tundu lisilobadilika

Hapa kuna kambi mbili: sahani za aina ya Auto-Disk, na rola za RCBS Little Dandy, kila rola ikiwa na tundu la ukubwa wake lililokatwa kiwandani. Uzuri wake ni kwamba hakuna cha kulegea. Tundu la jana ndilo la leo. Ubaya wake ni kwamba unapata kile tundu linachotoa, si kile unachotamani. Ukitaka katikati ya matundu mawili, huna.

Jedwali linalokuja na mashine halichukui nafasi ya mizani. Linaeleza ujazo, na baruti moja hutofautiana uzito kopo kwa kopo. Nakumbuka mtu aliyepakia risasi mia kwa kuamini jedwali, akaja kupima baadaye. Alizivunja zote mia, moja moja, kwa ile nyundo maalumu ya kuchomolea vichwa vya risasi.

Kati ya Little Dandy na sahani, kwa kazi ya vipimo vidogo ningechukua Little Dandy. Inashikwa mkononi au kufungwa mezani, unapita nayo juu ya ubao wa maganda, na unaona kila ganda linavyopokea. Sahani inamwaga ndani ya presi, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Lakini kijana wangu tayari anazo sahani, na hilo linaturudisha kwenye swali lake.

Kutoboa mwenyewe

Watu wanaotumia sahani wana njia ya siku nyingi. Wanachukua sahani ya ziada, wanajaza tundu moja kwa gundi ya epoksi, wanaiacha ikauke kabisa, kisha wanatoboa tundu jipya jembamba katikati, dogo kuliko wanalolitaka. Baada ya hapo ni kupanua kidogo, kupima, kupanua tena. Kwa greini 1.5 unatafuta takriban nusu ya ujazo wa lile tundu la 0.30.

Njia ya pili ni kuingiza kijibomba cha shaba au alumini ndani ya tundu lililopo ili kulipunguza upana. Mimi naipenda hii kuliko epoksi, kwa sababu ukuta wa chuma ni laini na hauna vipovu. Epoksi iliyochanganywa haraka huwa na vipovu vya hewa ndani, na kipovu kikipasuliwa na drili kinaacha kishimo kinachoshika punje leo na kuziachia kesho. Kwa tundu la greini 1.5, punje hizo zinahesabika.

Ukiamua kutoboa, haya niliyajifunza kwa kuharibu sahani tatu:

Epoksi isiyokauka ina harufu, na chenye harufu kinatoa kemikali. Usiweke baruti humo. Ipe siku kadhaa, si saa kadhaa.

Ukingo wa tundu usiwe na mabaki ya makali ya drili. Punje bapa zinakatwa hapo, mkono unahisi mkwaruzo, nawe unaongeza nguvu. Mkwaruzo wowote ni ishara ya kusimama.

Usitoboe, usikwangue, usisugue kitu chochote karibu na baruti iliyo wazi. Kopo lifungwe na liwe chumba kingine.

Andika kwenye sahani yenyewe, kwa sindano ya kuchorea: tundu hili limebadilishwa. Sahani iliyobadilishwa ikichanganyika na nyingine ndani ya droo, miaka miwili baadaye utasoma jedwali la kiwanda na kuamini uongo.

Kuna mipaka ambayo sitaivuka. Kubadilisha kinachoshika baruti, sawa. Kubadilisha utaratibu unaozuia mashine kumwaga mara mbili, kuondoa springi au mnyororo wa kurudisha sahani ili "iteleze vizuri", hapana. Vitu hivyo viliwekwa kwa sababu ya makosa ya watu waliotutangulia.

Kijiko

Seti ya Lee ina vijiko 15, kuanzia sentimita za ujazo 0.3 hadi 4.3. Unaona tatizo: kidogo kabisa ni kilekile 0.3. Lakini kijiko ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kujitengenezea. Chukua ganda tupu la risasi ndogo, lililokwisha kufyatuliwa, zungushia waya imara uwe mpini, kisha punguza mdomo kwa tupa kidogo kidogo ukipima kila mara. Ukipitiliza, litupe, chukua jingine. Haligharimu kitu.

Kati ya kijiko cha kujitengenezea na sahani ya kujitobolea, kimsingi ni kitu kimoja: ujazo usiobadilika. Tofauti ni mahali usahihi unapokaa. Kwenye sahani uko kwenye mashine, kwenye kijiko uko mkononi mwako. Ukichota kama unayechota sukari, ukigandamiza kwenye ukuta wa bakuli, kila kipimo ni chake. Zamisha kijiko kitako kikitangulia, acha baruti ijimwagie yenyewe, inua, futa kwa kadi ngumu bila kushindilia. Mkono ukishatulia kwenye mwendo mmoja, kijiko kinashindana na mashine za bei mara kumi yake. Ni polepole, ndiyo. Lakini nani anapakia .25 elfu moja?

Nilimwambia kijana: kwa risasi 50 kwa mwezi, kijiko. Hakufurahi. Alitaka kutoboa.

Kabla ya drili, badilisha baruti

Hili watu hulisahau. Ukubwa wa tundu unategemea baruti unayomwaga. Baruti ya punje za mviringo inateleza kama mchanga na inajaza tundu jembamba vizuri. HP-38 na Winchester 231, ambazo ni baruti moja yenye majina mawili, ni za kundi hilo, na mashine nyingi zinazipenda. Bullseye ni vipande bapa lakini vidogo, nayo hupita. Unique ina vipande vikubwa. Kwenye tundu jembamba vinasimama vikaegemeana kama magogo mlangoni, ganda moja linapata nusu, na linalofuata linapokea kipimo chake pamoja na kilichokwama. Kwa vipimo hivi vidogo, hilo la pili ndilo la kuogopa.

Fungua kitabu uone ni baruti gani zimeorodheshwa kwa risasi yako. Ikiwa moja ni ya punje laini, huenda mashine uliyo nayo ikatulia bila kuguswa. Kinyume chake, usichague baruti isiyo kitabuni kwa sababu tu inapita vizuri.

Na kama unapata matokeo mabaya Januari tu, tazama hewa. Huku kwetu baridi inakausha nyumba mpaka sweta linatoa cheche. Umeme tuli unashikiza punje kwenye plastiki ya mashine, kwenye faneli, kwenye kijiko. Futa plastiki kwa kile kitambaa kinachowekwa ndani ya mashine ya kukaushia nguo, kisicho na manukato, au washa kifaa cha unyevu chumbani saa moja kabla. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilibadilisha skrubu kutwa nzima kumbe tatizo lilikuwa hewa.

Mizani: mhimili au dijitali

Haijalishi umechagua kijiko au ngoma, kuna mizani mezani, na yenyewe ndiyo inayosema kweli.

Mizani ya mhimili, kama RCBS 5-0-5, haina betri, haichoki, na unaona mhimili ukipumua. Usahihi wake unaotajwa ni sehemu moja ya kumi ya greini. Inataka meza isiyotikisika, vikalio vyake visafi, na hewa tulivu. Tanuri la nyumba likiwaka na upepo ukitoka kwenye tundu la ukutani, mhimili unaongea wenyewe.

Ya dijitali ni ya haraka. Nyingi za bei nafuu zinaonyesha sehemu moja ya kumi, na baadhi sehemu mbili za mia. Lakini namba nyingi kwenye kioo si usahihi. Zina tabia moja mbaya: zinajisahihisha sifuri. Ukidondosha punje moja moja taratibu, mizani inadhani ni kuyumba kwa hewa na inazifuta. Umeongeza baruti, namba haijasogea. Dawa ni kuinua kibakuli na kukirudisha kabla ya kuamini namba. Halafu kuna kitufe cha vipimo. Sisi tuliokulia kwenye gramu, jicho letu linaona herufi g na kupita. Gramu moja ni greini 15.4. Kabla sijaanza, nasoma kipimo kwa sauti.

Kuhakiki, usitumie lile jiwe la gramu 20 lililokuja na mizani. Linathibitisha mahali usipofanyia kazi. Nunua kijiwe cha miligramu 100. Ni greini 1.54, pale hasa unapopimia.

Kwa vipimo vidogo ningenunua mhimili kwanza na dijitali baadaye, nikiwa na uwezo wa zote mbili. Mwenye fedha nyingi anaweza kununua ya maabara kama A&D FX-120i, inayosoma miligramu moja, na akapima kila risasi peke yake. Inatenda kazi. Lakini kwa bastola ya mita kumi sioni faida inayolingana na bei.

Jaribio ni lilelile kwa kila njia. Mwaga vipimo kumi ndani ya kibakuli kimoja, pima, gawa kwa kumi. Hapo unajua wastani. Kisha mwaga kumi vingine ukipima kimoja kimoja. Wastani peke yake hudanganya: 1.2 na 1.8 wastani wake ni 1.5, na hakuna hata moja iliyo sawa.

Nilivyomshauri

Kwa .25 yake: kijiko cha ganda, mizani ya mhimili, maganda yote yakiwa wima kwenye ubao. Akitaka kuendelea na sahani, basi kijibomba cha chuma na si epoksi, na alama isiyofutika.

Kwa mwenzake anayepakia .38 Special za shabaha, mia tatu kwa wiki: ngoma ndogo au Little Dandy, bila kutoboa chochote. Yake ni hatari ya aina nyingine. Ganda lile ni la mwaka 1898, lilikatwa kwa ajili ya baruti nyeusi iliyokuwa ikilijaza, na kipimo cha leo kinalala kitakoni kama chumvi ndani ya gilasi. Kipimo cha pili kinaingia juu yake na nafasi inabaki. Kwake nilisisitiza ubao na tochi kuliko mashine.

Kijana alitoboa. Alitumia kijibomba, akaja kwangu Jumamosi na sahani yake, tukamwaga kumi na kumi juu ya mhimili. Ilikuwa nzuri. Kisha akaweka maganda 50 kwenye ubao, akayajaza, akazima taa ya chumba na kuwasha tochi, akayapitia mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa nne ganda moja lilikuwa tupu.

Alilijaza kwa kijiko.